Mashini ya Mupepo na Mvula ya Kabuta

Jumapili, 23/11/2025

Mashini inazunguka muzuri leo! Mupepo ya ziwa tangu asubuyi, mapanga inalia vuuu-vuuu, batri imejaa mbele ya ibada. Nkulu bwana yangu anaiangalia sawa vile banaangalia bibi mupya. Mi sina wivu. Njo yeye aliitengeneza, na altaneta ya motokari ya kufa na tiyo, bomba ya plastiki, akaipandisha juu ya nguzo. Tangu iko, batu banakuja kuchaji telefone kwetu, na mi nakaa ku mulango namenya mihogo. Habari inakuja yenyewe, na chaja mu mukono! Nani amefukuza bibi, nani amelewa mbele ya pasta — yote najua. Asante Mungu.

Mvula tu njo haikuye. Novemba inaisha, udongo unapasuka.

Ku pompi nilimukuta jirani yangu Bana Chibwe, njo kusema mama ya Chibwe. Yeye ni wa kabila ya mamba, mi wa samaki — donc tuko banungwe, batani. Tunatukanana hata ku kilio, hakuna wa kukasirika. Ni desturi ya hapa Kabuta na ya kwetu Pweto, ng'ambo ya ziwa. Akasema: «We samaki ya kuoza, jifiche, niko na njaa!» Nikamujibu: «Njaa gani? Mahindi yako imekauka juu mashini yetu inafunga mvula mu batri! Mamba bote mutakufa na kiu, njo tutapumua!» Akacheka mpaka ndoo ikamwangika.

Pembeni kulikuwa Goodson, ule anabebaka samaki na kinga, baiskeli yake, mpaka ku mashamba ya mbali. Mugeni, alitoka mu mji mwaka jana tu. Hakucheka. Nikasema labda jino inamuuma.

Jumatano, 26/11

Telefone mbili leo. Juma ya nyuma zilikuwa kumi na tano kwa siku!

Emilienne wa mandazi aliniambia na sauti ya chini: batu banasema Mama Gloire mwenyewe, njo mi, ametangaza ku pompi, mashini yao inafunga mvula. Nikauliza, nani ameleta hii maneno? Goodson! Imepanda kinga pamoja na samaki, imepita nyumba kwa nyumba. Nikacheka. Miaka yote mi natembezaka maneno ya batu, leo yangu njo imetembea! Mais Emilienne hakucheka. Akarudisha telefone yake mu kitenge, akaenda bila kuchaji.

Saa sita, jiwe likapiga malata, bati ya nyumba yetu. Moja tu. Nkulu akasema ni embe imeanguka.

Hatuna muti ya embe.

Ijumaa, 28/11

Nilienda kwa Bana Chibwe mapema sana. Na furaha! Nilisema mu roho: yeye akisema tu «ni muchezo ya banungwe», maneno imekufa. Nikamukuta mu shamba, anang'oa mahindi ya kukauka. Alipanda mara mbili. Mara mbili imekufa.

Nikamutupia: «We mamba bila meno, unakula majani sasa?»

Akasimama. Akapangusa mikono ku kitenge. Akakunja magoti, akapiga makofi pole pole, sawa mutu anasalimia mukwe. Akasema salamu ya asubuyi, ya heshima: «Mwashibukeni, mama.»

Mama! Miaka nane hajaniita mama hata siku moja. Afazali angenipiga na jembe. Nikaitika na heshima vile vile, «eya mukwai», nikarudi. Njia yote sikusimama kwa mutu kupiga maneno. Mi!

Jumamosi, 29/11

Mukutano kwa hedimani, mukubwa wa kijiji. Batu bamejaa mpaka inje ya lupango, ua yake. Goodson alisimama, akasema vile alisikia. Hakuongeza neno, hakupunguza. Njo mubaya ile! Bongo, maneno ya uongo, ningeivunja.

Mi nikasema: ni bunungwe ile, mumuulize Bana Chibwe. Hedimani akamuuliza. Akajibu, macho chini: «Ni kweli alisema. Na mi nilicheka. Leo sijue tena nilicheka nini.»

Muzee mumoja nyuma akasema: hatukatazake muchezo, lakini muchezo haiko na nguzo juu ya nyumba. Batu bakaitika eee.

Hedimani akakata maneno. Mashini ifungwe siku tatu, tangu kesho mpaka Jumanne jua likizama. Mvula ikianguka mu siku zile, basi tumejua nani alikuwa anaizuia: nguzo itaanguka, na ninyi mutarudi ng'ambo. Isipoanguka, munabaki, hakuna mutu ataongea tena.

Nkulu akajibu mbio: «Tunakubali!»

Fundi wa waya! Nilimufinya mukono, nikachelewa. Mu njia nikamuuliza: we, hii ni mwezi gani? Mvula imechelewa tu, inaweza kuja kesho! Ifungwe ao isifungwe, itakuja! Akasimama. Akaanza kuhesabu na vidole. Kisha akakaa chini, pale pale mu mavumbi, na suruali yake ya kanisa.

Pweto tulikimbia vita na mafundo mbili ya nguo. Hapa tumejenga, tumelima. Turudi kwa nani?

Jumatatu, 1/12

Siku ya pili ya kufunga mashini. Na ziwa limefungwa pia tangu leo mpaka Machi, serikali inaacha samaki izae. Banaume hawana kazi. Banakaa ku kivuli, banaangalia nguzo yetu. Nkulu alivuta mukia ya mashini na kamba, akaikaza chini. Imegeuka pembeni, mapanga haishike mupepo. Na mupepo iko mingi leo! Inapita bilashi.

Jua kali. Wingu hakuna hata moja. Asante Mungu!

Eh, naandika nini? Karanga yangu iko kule inakufa. Jana ku kanisa pasta aliombea mvula, bote bakalia, na mi nikaitika amina na mudomo tu. Roho ilikuwa inasema: ngojea kidogo, Baba. Mpaka Jumanne tu. Mutu wa kulima anaomba hivi?

Nkulu ameniambia nisitoke. Nisiongee na mutu. Nimeongea na kuku.

Jumanne, 2/12

Saa tatu. Wingu nyeusi juu ya kisiwa cha Kilwa, kule mu ziwa. Nimesema itapita.

Saa sita. Haijapita. Imeongeza. Nkulu hajagusa bukari, ugali yake.

Saa nane. Tone moja ku mukono yangu. Nikapangusa mbio sawa mwizi.

Saa tisa. MVULA! Kubwa! Kijiji chote kilipiga vigelegele, bamama banaruka mu matope. Kisha vigelegele ikakatika. Yote mara moja. Bamekumbuka.

Nkulu iko inje, amelowa, ameshika kamba ya mashini. Anaita ku dirisha: «Mama Gloire! Niiachilie? Ikizunguka na mvula ikaendelea, bote bataona haina kosa!»

Ni kweli. Mais mvula ya kwanza inakatikaka mbio. Ikikatika wakati mapanga inazunguka, je? Njo tumekufa kabisa. Na jua halijazama bado, neno ya hedimani tutakuwa tumeivunja. Na akiacha vile imefungwa, tumekosa pia!

«Sema!» anaita tena. «We unaongeaka siku yote, sema!»

Naandika juu nikiacha kuandika lazima nimujibu.

Batu banatokea ku njia ya pompi. Mingi. Nabaona mu dirisha. Bana Chibwe iko mbele, bila kitambaa ku kichwa, jembe ku bega. Banaimba. Malata inapiga makelele, sisikie ni wimbo ya kushukuru mvula ao ya kutufukuza.

Nkulu amefungua fundo ya kwanza ya kamba. Ananiangalia.