Malka Isifungwe kwa Mdomo Wangu

Jumatano, baada ya isha.

Wamenipokea, lakini furaha niliyoitarajia sijaiona.

Nilijiunga na chama cha wakulima wa soya ili tuwe na sauti moja: mbegu zifike kabla ya msimu, na wanunuzi wa Nairobi waache kutupangia bei. Hayo leo hayakutajwa hata kidogo. Mkutano mzima ulikuwa wa kuifunga malka, ile njia ya mifugo kwenda kunywa maji Tana, kwa sababu ngamia wanatumalizia mashamba.

Ni kweli wanatumalizia. Soya yangu ya upande wa mtoni imeliwa hadi shina. Lakini ngamia wenyewe ni wa nani? Ni wa kaka yangu Hassan na wenzake, walioteremka kutoka upande wa Dadaab baada ya mabwawa kukauka.

Kisha mwenyekiti akanigeukia. "Mama Ifrah, wewe ni wa kwao. Wewe ndiwe utakayewaambia."

Wa kwao! Dakika chache tu baada ya kuniita mkulima mwenzao. Nikanyamaza, wakadhani nimekubali, wakapiga makofi. Ukimya ule unanikera kuliko maneno yake.

Nimerudi nyumbani Galbet nikamkuta Hassan barazani, ameniletea maziwa.

"Abaayo, dada yangu, wamekupokea?"

"Wamenipokea, alhamdulillahi."

Akafurahi kuliko mimi. "Basi sasa na sisi tuna mtu wa kutusemea huko."

Nikainuka kwenda kumpikia chai, asinione uso.