Mwiko Mpya wa Kitanda Chetu

Machimboni, Geita

Mke wangu Tusekile,

Nakusalimu wewe na mtoto wetu Lusajo. Kikohozi chake kimemwachia? Na yule ndama, amepona kuhara? Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, maana duara, ndivyo tunavyoita shimo la dhahabu, limejaa maji na tangu Jumatatu tunayatoa kwa ndoo. Chakula ni ugali na dagaa. Ndizi za kwetu Kisondela naziota.

Barua yako nimeipata. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikaacha kula. Unasema umeokoka. Sawa, moyo ni wako. Halafu unaandika: "Baba Lusajo, usinikasirikie. Mchungaji Eliya amesema mwanamke aliyeokoka asilale na mume ambaye hajatubu. Ukija utalala chumba cha Lusajo." Huyo Eliya jina lake umelitaja kuliko langu. Eliya ameombea migomba, Eliya ana sauti nzuri, Eliya amekalia kiti changu cha mninga na mkamchinjia jogoo wangu mwekundu. Tusekile, sizungushi maneno: nina wivu. Nina wivu mpaka mate yanakuwa machungu mdomoni.

Tangu biashara iachiwe huru, kila mwenye spika na jenereta anafungua kanisa, kama wanavyofungua vibanda vya mitumba pale Tukuyu. Unakumbuka bibi yangu alivyotusimulia? Alipoolewa, akimwona baba mkwe wake njiani alijitupa migombani na mtungi wake, kwa sababu kuonana naye kulikuwa mwiko. Wakaja wamisionari wa Kizungu, wakasema hilo ni giza, acheni. Akaacha, akabatizwa. Babu naye akaambiwa abaki na mke mmoja. Wale wengine wawili wakarudi kwao wakilia, na hakuna aliyewatungia wimbo kanisani. Leo amekuja Eliya na suti yake ya mtumba, na mwiko umerudi, ila safari hii anayekimbiwa ni mume. Babu walimwachia mmoja. Mimi huyohuyo mmoja nanyang'anywa.

Na kabla ya hao wote, ng'ombe walipelekwa kwenye msitu wa matambiko, nyama wakala wazee. Baadaye matoleo yakaenda misheni. Sasa jogoo wangu kaliwa na Eliya. Mungu anabadilishwa jina, lakini mlaji siku zote ana mdomo na meno. Hilo nikilisema mnaniita mpagani.

Huku machimboni Mwislamu anashuka shimoni na bismillahi, Mkristo anapiga ishara ya msalaba, mwenye duara anachinja mbuzi mweusi. Maji yalipoingia yalitulowesha wote sawasawa. Nilimsomea barua yako Masanja, mwenzangu tunayelala naye hema moja. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kaka, umenyang'anywa mke na mtu asiyeonekana! Wewe okoka siku moja tu, ulale kitandani kwako, asubuhi uanguke dhambini."

Sikufichi, nimelifikiria. Kupiga magoti mbele ya Eliya naweza, hata kulia naweza nikitaka. Lakini nilale ubavuni mwako nikiwa nimekudanganya, hilo limenishinda.

Tena si Eliya peke yake. Huyo Mungu wako nina wivu naye zaidi. Unaamka alfajiri, unajifunga kanga, unamweleza kila kitu: kikohozi, ndama, mvua iliyoangusha migomba. Hayo nilikuwa nikiyasikia mimi kwanza, tukiwa bado tumelala, sauti yako ikiwa na usingizi. Sasa yananifikia yamechacha, baada ya mwezi mzima njiani. Na yeye hajawahi kukujibu hata mstari mmoja. Mimi naandika mpaka kalamu inaisha wino, na bado wa kulala chumba cha mtoto ni mimi.

Msalimie mama yangu, mwambie sijapotea, na asikubali kuombewa jino, aende hospitali. Msalimie dada yangu aliyeolewa Kawetele. Msalimie na Mzee Salum, fundi cherehani wa pale Tukuyu, mtu wa dini pekee ambaye hajawahi kutaka kuniingiza kwake. Mwambie suruali yangu asiiuze, naifuata. Eliya usimsalimie.

Sali, sikukatazi. Imba mpaka bati litikisike. Lakini kitanda kile nilikichonga kwa mikono yangu kabla sijakuleta nyumbani, na sheria zake tulizipanga wawili. Bwana wenu mnamngoja arudi tangu bibi yangu akiwa msichana, na kila siku mnamtandikia. Mimi nashuka stendi ya Tukuyu Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao, kwa basi la mchana. Mimi nikisema narudi, huwa narudi. Weka mto wangu mahali pake.

Mumeo,
Asajile