Dume wangu wa mwisho

Jérôme, uko? Soma hii mara moja.

Osée amemhasi dume wangu. Mkwe wangu, mume wa Priscille, anayetulaza hapa Rwambuzi tangu tukimbie Djugu. Amemhasi!

Nilikwenda mtaa wa Lumumba kuchaji simu, basi. Narudi, namkuta kondoo amelala kando ya jiko, damu miguuni, na Osée ananawa mikono akicheka: «Muzee, nimekusaidia. Ilikuwa inasumbua mbuzi za jirani. Sasa itanona, Noeli tutakula muzuri!»

Itanona! Miaka kumi na saba nachanganya dume wa manyoya na majike wetu wa nywele fupi, kizazi juu ya kizazi, kila mzao naandika katika daftari. Wewe mwenyewe uliyashika manyoya ya huyu ukasema ni laini kuliko blanketi ya padri. Majike wote niliobaki nao walichinjwa na wenye silaha. Huyu nilitembea naye siku tatu.

Na unajua nilimjibu nini? «Aksanti.» Nalala kwake, nakula bukari yake. Mkwe utamtukana namna gani? Nikasema aksanti, Jérôme. Aksanti!

Priscille aliona uso wangu, akaingia ndani kulia.

Sasa nisikilize. Yule jike niliyekupatia kabla hatujakimbia, uliyempeleka Mahagi, alikuwa amepandwa na dume huyu. Usimchinje. Usimuuze. Kama amezaa dume, mtu asimkaribie na kisu.

Niandikie neno moja tu: iko.