Jina la Kambale Kwenye Jiwe la Ngome

Bwera, 4 Februari 2024

Papa mpendwa,

Salamu nyingi. Jirani yako Mama Wivine ameniambia kikohozi kimekuachia, nikamshukuru Mungu. Sisi tuko wazima.

Hujajibu barua zangu tangu ulipomrudisha Drani mlangoni, ukisema binti yako hataolewa na polisi wa Uganda. Leo nina neno lingine. Jumamosi mimi naye tulipanda kwenye ngome ya zamani ya Waingereza, kijijini nje ya Bwera. Kuta zimebaki za kufika kiunoni, mbuzi wanalala ndani. Jiwe la ukumbusho lina majina ya maofisa, kisha ya askari, na chini kabisa: "na wapagazi kutoka ng'ambo ya Semuliki", yaani upande wetu wa Kongo. Hakuna jina lao hata moja.

Nilimkumbuka babu yako Kambale, aliyechukuliwa abebe mizigo ya vita asirudi. Mzee Yonasani, mlinzi wa pale, ana daftari la wapagazi waliokufa. Kambale Musubaho yumo. Wanataka kuchonga majina yao, lakini mzee wa ukoo aje athibitishe.

Binti yako,
Kaswera

Butembo, 21 Aprili 2024

Mutoto wangu Kaswera,

Habari ya siku nyingi? Mimi niko muzima. Barua yako niliiweka ndani ya Biblia, naisoma kila siku. Baba yangu alikataa mpaka kufa kumfanyia Kambale matanga. Alisema mutu hazikwi kwa uvumi.

Sasa niambie kweli. Hao askari wa kwenye jiwe ni watu wa wapi? Na huyo wako alisema nini mbele yao?

Papa yako

Bwera, 2 Mei 2024

Papa mpendwa,

Nimefurahi mpaka nikalia kuona mwandiko wako.

Umeuliza, nakujibu. Wengi ni watu wa kwao Drani, na jina moja ni la ukoo wake. Alivua kofia, kisha akaniambia, "Kaswera, labda wa kwetu ndiye aliyemchapa wa kwenu njiani." Yeye ndiye aliyemuuliza Mzee Yonasani kama wapagazi waliandikwa popote.

Mchongaji anakuja tarehe 8 Juni. Njoo, Papa. Ukitaka, Drani atakaa mbali.

Binti yako,
Kaswera

Butembo, 16 Juni 2024

Watoto wangu,

Nilifika nyumbani salama. Natumaini nanyi mu wazima.

Kaswera, siku ile ya muchongaji ulikuwa umetangulia na Muzee Yonasani, hukuona. Katikati ya mulima miguu ilinikataa. Nilikaa kwenye majani, nimeona haya. Drani, aliyekuwa anatufuata kwa mbali kama nilivyotaka, akaja akachuchumaa, akanipa mugongo. Nikamwambia, "Mimi ni muzito, afande."

Akasema, "Panda, Papa."

Nikapanda. Karibu na kuta alinishusha polepole, akanitengeneza koti, ili ugeuke unione nimesimama. Ndiyo maana niliweza kulitaja jina la babu yangu kwa sauti.

Jana tumemfanyia Kambale matanga. Majirani waliuliza nani alinifikisha kule juu. Nikawaambia, mukwe wangu.

Papa yenu