Namba Moja, Watu Wawili

Jumatatu, 3 Machi
Wewe uliyelifungua daftari hili na si mimi – nakusihi, lifunge. Kama umeshasoma, usimwambie mtu hata neno moja. Leo nimeapa mbele ya daktari kwamba ninayoyaona kliniki yatabaki kliniki, na tayari naandika! (Pacha, kama ni wewe, toa mkono. Tangu shule ya msingi unachungulia mambo yangu.)

Kazi yenyewe: karani wa masjala, dirisha la pili. Wanaokuja ni watu wanaojidunga. Wanarudisha sindano zilizotumika, wanapewa mpya, wanapimwa damu kama ina virusi. Hakuna majina. Kila mtu ana namba: herufi tatu za jina la mama yake, kisha tarehe yake ya kuzaliwa.

Alhamisi, 6 Machi
Mzee mmoja, wanamwita Profesa, kaninyooshea kopo lake la sindano. Nikaruka na kiti changu! Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani, tunajidunga sisi, unaumia wewe? Nikacheka nao. Ni watu tu. Mmoja alinitakia kazi njema.

Kisha Profesa akanikazia macho. "Mbona unajifanya mgeni, dada? Jumamosi si tulikuwa wote kwenye gari la kupima damu? Leo umenenepa, na kazi umepata!"

Wakacheka tena. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 10 Machi
Mchana wenzangu walipokwenda kula, nilijitengenezea namba. Jina la Mama, tarehe yangu. Kompyuta ikasema: namba hii ipo.

Sijawahi kupimwa hapa. Wala popote.

Nikalitoa jalada. Mwandiko wa nesi wa gari. Mara ya mwisho kutumia sindano ya mwenzako? Jana. Mliisafisha? Kwa maji, mara mbili. Kwa nini hukuchukua mpya kliniki? Naogopa kuonekana. Na juu ya jalada, kibandiko chekundu: arudi upesi, aanze dawa.

Pacha. Na yale masweta ya mikono mirefu kwenye joto lote hili! Tunalala chumba kimoja, sikuona kitu.

Jumatano, 12 Machi
Nimemuuliza Sista, nesi mkuu wetu, kwa kuzungukazunguka: je, karani akimfahamu mtu mwenye kibandiko chekundu? Akaacha kuhesabu glavu. Hatumfuati mtu nyumbani, akasema, wala hatumwiti kwa jina. Wakisikia tunatoa siri, hatarudi hata mmoja, na sindano moja itazunguka watu watano. Halafu, kwa sauti ya chini: "Lakini dawa zinasaidia, mwanangu. Tatizo ni wanaochelewa."

Jioni Pacha alimaliza kukata kucha, akanipa mkasi. Nikasema nitakata kesho. Akaniangalia. Nikajichukia.

Ijumaa, 14 Machi
Nimejaribu. Tulikuwa tunaanua nguo. Nikasema, Pacha, ukiwa na jambo lolote –

"Sina jambo! Tangu upate hiyo kazi, kila mtu kwako ni mgonjwa."

Mama akachungulia dirishani: mnagombania nini nyie? Tukajibu kwa pamoja: hakuna.

Tarehe ishirini na mbili zinatimia wiki tatu tangu apimwe. Asiporudi, jalada linafungwa, linapelekwa stoo.

Nimeapa kutosema, na sitasema. Lakini daftari hili, ambalo tangu nianze kazi natembea nalo kwenye mkoba, leo naliacha chini ya mto wangu. Palepale ulipozoea kulichokonoa.

Basi soma, mchunguliaji wangu. Usipite mlango mkubwa. Zunguka nyuma, kwenye tangi la maji, kuna mlango wa kijani. Njoo kabla ya saa tatu, foleni haijaanza. Usitaje jina. Namba unaijua, ni yangu pia. Ukiogopa kuonekana, vaa sare yangu ya akiba, nimeitundika nyuma ya mlango wa chumba. Watadhani ni mimi naingia kazini. Mimi nitakuwa ndani tangu saa mbili. Gonga mara mbili, nitafungua mwenyewe.