Sauti ya Jumapili

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanipeleka puta, hasa kwenye ngazi. Wewe hujambo? Unakula? Hao askari wako wanakutii?

Najua tutaongea Jumapili, lakini asante ya mzazi haitoshi kwenye simu, lazima iandikwe. Tangu baba yako atutoke sijafurahi kama mwezi huu uliopita. Zamani ukipiga ilikuwa "Mama hujambo, sijambo, nina kikao, kwaheri," kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Sasa kila Jumapili unakaa na mimi saa nzima! Unaniuliza goti, unaniuliza mambo ya zamani. Juzi ulipouliza nilikuwa nakuitaje utotoni, nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Umesahau kweli? Bisibisi! Hakuna redio iliyolala salama nyumba hii.

Huyo jirani kaniuliza wewe ni kanali wa bunduki gani. Nikamwambia unalinda kompyuta za jeshi. Akasema, "Kwani zinatoroka?" Mwache acheke, ukipanda ubrigedia atanyamaza. Ukubwa jalala, najua mengi yanatupwa kwako, ndiyo maana nashukuru unanipa nafasi.

Mama yako

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi mzima.

Nisamehe nikiingia moja kwa moja. Sijakupigia simu tangu mwaka mpya.

Hiyo sauti si mimi, ni mashine. Wadukuzi wamechukua hotuba yangu, nadhani ile ya mahafali ya maafisa iliyoonyeshwa kwenye televisheni, wakaifundisha mashine kuongea kama mimi. Kazi yangu ni kuwazuia watu hao wasiingie kwenye mitambo ya jeshi. Wameshindwa kwangu, wakapitia kwako.

Na lile jina, Mama, naona aibu hata kuandika. Barua pepe yangu ya zamani, ya tangu nikiwa luteni, ukisahau neno la siri inakuuliza jina lako la utotoni. Mimi ninayewafokea maafisa kila wiki kwa uzembe wa namna hiyo! Wameifungua. Siri za jeshi hazimo, lakini majina ya vijana wangu yamo, na namba zao, na wanakoishi.

Bodi ya vyeo inakaa mwisho wa mwezi. Nikitoa taarifa, ubrigedia ndio basi. Nikinyamaza, wale vijana wanawindwa na hawajui. Niandikie kila ulichosema. Na sauti yangu ikikupigia tena, hata ikilia, kata. Mimi nitaandika tu.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikairudia nimekaa.

Niliyosema ni haya: lile jina, jina la mbwa wetu, shule uliyosoma, na kwamba ukila mayai unavimba midomo. Basi. Na usinifokee kama kuruta, mimi ndiye niliyekufundisha kufunga viatu.

Sasa nikuambie lililobaki. Jumapili ya tatu nilianza kushuku. Nilisema, "Nikuache mwanangu, una kazi." Ikajibu, "Kazi itasubiri, Mama." Hapo nikajua si wewe. Nilijua, na nikaendelea kuongea, hata ile barua ya asante nikaiandika kama sijui. Nilikuwa na hamu ya kuulizwa hali. Tapeli ameuliza goti langu, na niliyemzaa hajaliuliza hata katika barua hii.

Toa taarifa. Baba yako alikuwa akisema cheo ni koti la kuazima. Hao vijana nao wana mama zao.

Mama yako

20 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Nilitoa taarifa siku ileile niliyopata barua yako. Waliokuja kuchukua simu yako ni maafisa wa kitengo changu. Samahani kama walikuhoji kama mshitakiwa, hivyo ndivyo nilivyowafundisha. Simu itarudi. Vijana wangu wako salama, tumewahamisha wote.

Ubrigedia amepewa naibu wangu. Nimempigia saluti mbele ya gwaride zima. Mimi nimepelekwa ofisi ya kumbukumbu za mafunzo, chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Maisha yangu yote nimeyamalizia jeshini, sikuolewa, sikuzaa, ili nifike pale alipokaa yeye sasa.

Kosa la barua pepe ni langu, nalibeba. Lakini wewe ulijua ukaendelea. Hilo linanishinda kulimeza. Sitaandika kwa muda.

Kanali

30 Aprili

Marahaba.

Mimi sikuzaa kanali. Nilizaa mtoto mmoja wa kike mwenye kichwa kigumu. Ukimwona huko mwambie mama yake yupo.

Mama

27 Mei

Mwanangu,

Salamu. Sijui kama bado umekasirika, lakini hili lazima ulijue haraka, kwa sababu ya kazi yako.

Simu imerudi wiki iliyopita. Jumapili, ile sauti ikapiga tena. Safari hii wameitengeneza vizuri mno! Ilisema, "Shikamoo Mama. Si kanali, ni mimi, Bisibisi." Nikashtuka. Kumbe hata barua zetu za karatasi wanazisoma! Ikaniuliza goti. Ikasema imechoka, kwamba ofisi mpya hakuna hata anayebisha mlango, kwamba inataka kuja nyumbani. Halafu ikalia, ikivuta kamasi kama ulivyokuwa ukivuta ulipochapwa kwa ajili ya redio.

Moyo uliniuma. Nilifungua mdomo niseme, "Nyamaza mama, nyamaza." Nikakumbuka amri yako, hata ikilia, kata. Nikakata. Ikapiga tena na tena, nikaifunika simu kwa mto nikaenda kukaa uani.

Kwa hiyo safari hii sikukuangusha. Waambie wakubwa zako, labda watakufikiria upya.

Mama yako

2 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nieleze vizuri: linauma ukipanda ngazi au ukishuka? Dawa ya kuchua imebaki? Nani anakusaidia kubeba maji? Nijibu yote, hata kurasa kumi nitasoma.

Barua yako nimeipata. Ulifanya sawa kukata, Mama. Askari wangu hodari kuliko wote asingeweza. Wakubwa hawatafikiria upya, na wala sitawaambia. Huyo aliyekuwa akilia usimhurumie sana, alishanyamaza.

Nimeomba likizo ndefu. Jumamosi nitakuja mwenyewe, nitabisha hodi. Ukisikia sauti usiiamini. Fungua mlango uniangalie.

Mwanao,
Bisibisi