Jina Mlilompa Mtoto

Kambi ya Juu,
Kericho.
6 Juni 1972

Kwako dada yangu mpendwa Mellen,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini zitakukuta mzima wewe, na shemeji Mokaya, na huyo mgeni mdogo uliyemzaa salama, na Mama pia, kama magoti yake yamemwacha apumue. Mimi ni mzima. Mvua ya mawe ilitupiga wiki iliyopita, majani chai yakatobokatoboka yote, na tangu hapo nyapara anatupigia kelele kana kwamba ni sisi tulioyatoboa. Mengine ni ya kawaida.

Kabla hujaendelea, nakuomba kitu kimoja. Najua barua yangu ikifika Mama huacha hata chungu motoni, akakaa kwenye kigoda chake, nawe ukamsomea mara mbili, neno kwa neno. Hii usimsomee. Nenda nayo kwenye migomba uisome peke yako mpaka mwisho, halafu utajua mwenyewe la kumwambia.

Barua yako niliipata kwa karani Ijumaa. Nilifurahi kusikia ni mvulana. Kisha nikafika pale uliposema Mama amemchagulia jina la Ogari, na kwamba atabarikiwa kanisani Sabato ya tarehe 17. Uliandika kwamba Mama amesema Ogari, huko alikopotelea, amekwisha, miaka minne si mchezo, na heri jina lipate mtu wa kulibeba vizuri kuliko yule wa kwanza. Hayo yote uliyamaliza kwa mstari mmoja na nusu, baada ya habari za ng'ombe kuzaa.

Jameni, Mellen! Wewe unajua kama ninavyojua kwamba kwetu Kisii mtoto harithishwi jina la ndugu aliye hai. Ukimwita mtoto Ogari, umesema mbele ya watu kwamba Ogari ni maiti. Kumbe mlikwisha kumzika, na sikusoma popote kwamba kuna mtu aliyemlilia.

Acha nikukumbushe habari za majina katika nyumba yetu, maana mwanzo wake hukuwepo. Mama alikuwa amezika watoto wawili, wote kabla ya kuota meno. Akashika mimba ya tatu. Siku moja mzee Nyang'au alikuwa akisoma kanisani ule ukoo wa watu wa kale: fulani aliishi miaka mia kadhaa, akafa, na mwanawe akaishi, akafa, na mwingine vivyo hivyo, mpaka watu wakaanza kusinzia. Ndipo akafika kwa mmoja ambaye kifo chake hakitajwi. Huyo alitembea na Mungu tu, kisha akawa haonekani tena. Mama, na tumbo lake la miezi minane, alisimama katikati ya ibada akauliza huyo anaitwa nani. Nyang'au akamwambia ni Henoko, ambaye sisi humwita Enoka, na kwamba ni jina la Kiebrania, maana yake mtu aliyewekwa wakfu. Mama akajibu kwamba maana haimhusu. Yeye alitaka jina la mtu ambaye hakufa.

Na mtoto akaishi. Basi wanawake wa mlimani kwetu wakaliona jina hilo kuwa dawa. Nilipoondoka nyumbani kulikuwa na akina Enoka sita kati ya mto na kanisa. Hata huku kambini, asubuhi nyapara akiita Enoka tunaitika watatu, mpaka tumepewa majina ya kututenganisha. Yule Enoka wa kwa Bilhah alipoumwa na nyoka akafa, unakumbuka alivyosema Mama? Alisema Bilhah alilichukua jina bila imani. Mama mzazi anamlilia mwanawe, na Mama yetu anamweleza alivyokosea kuomba!

Baada ya miaka mitatu akazaliwa Ogari. Huyo alipewa jina la babu, na hakuna aliyesimama kanisani. Kuku akitaga yai moja, lilikuwa la Enoka. Surua ilipoingia, Enoka alibebwa mgongoni mpaka hospitali, na Ogari aliachwa kwa nyanya apone au asipone. Enoka hakupelekwa shule kwa sababu ya ule mto uliokuwa njiani. Mama alisema maji hayajui jina la mtu. Ogari aliuvuka mto huo kila siku kwa miaka saba, hata wakati wa mafuriko, na sikumbuki siku hata moja ambayo kulikuwa na mtu ukingoni akimtazama.

Nina jambo jingine la kukiri. Mwaka juzi tulipopatana kukutana Sotik siku ya soko, niliwaandikia baadaye kwamba lori la shamba liliharibika njiani. Ni uongo. Nilifika kabla yenu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mikebe ya maziwa, ng'ambo ya barabara, nikamwona Mama akishuka na ndizi zake na yule jogoo amemfunga miguu. Alikaa pale tangu saa tatu mpaka saa kumi. Kila mwanamume mrefu akipita, alikuwa akiinuka. Niliona akikuuliza wewe kitu, na wewe ukitikisa kichwa. Nilitaka kuvuka, haki ya Mungu nilitaka, lakini nilibaki nyuma ya mikebe mpaka mlipoondoka.

Utaniuliza ni mtu gani huyu anayemficha mama yake uso wake. Sasa fikiri, Mellen. Enoka hakusoma. Barua zake zote kutoka huku zilikuwa zikiandikwa na Ogari, tangu Ogari alipomfuata mwaka wa sitini na tano akakaa naye katika chumba kimoja. Wewe ndiye msomaji wa barua pale nyumbani, na mwandiko unaujua. Je, baada ya kuambiwa kwamba Ogari ameondoka na hajulikani aliko, hukujiuliza hata siku moja ni nani anayeendelea kumwandikia Enoka, kwa mwandiko ule ule?

Ni mimi, Ogari. Sikupotea. Aliyekufa ni Enoka.

Alikufa Aprili 1968. Aliteremka Soin, kule bondeni kwenye joto, kutafuta mbuzi wa kumpelekea Mama, akalala kule siku mbili kwenye mbu, akarudi na homa. Nilimbeba mgongoni mpaka dispensari. Aliniambia nisimwandikie Mama kwamba anaumwa, kwa sababu angekuja kwa miguu. Siku ya tano, saa nne asubuhi, alikata roho akiwa ameshika shati langu.

Nyapara wetu wakati ule alikuwa Opiyo, mtu wa kutoka ziwani, na hakuwa mtu mbaya. Aliniambia kazi na chumba ni vya Enoka, na mimi katika kitabu cha kambi ni mgeni tu, kwa hiyo itanibidi niondoke kabla ya wiki kuisha. Akasema wale wa ofisini wanajua namba, sura hawazijui, na hakuna kitakachoharibika tukiandika kwamba aliyekufa ni mgeni. Nilikubali, Mellen. Sikufikiri hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Tulimzika kando ya mikaratusi, na msalabani wakaandika OGARI. Kaburi lenye jina langu nimelipalilia kwa mikono yangu miaka minne.

Kuwaandikia ukweli niliogopa, kwa kuwa Mama alikuwa amesema mara nyingi kwamba Enoka akitangulia, yeye atamfuata. Lakini hiyo ni nusu tu, na leo nimechoka na nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka kuona. Niliandika kwamba Ogari ametoweka, halafu nikangoja mje kunitafuta. Nilisema lazima mtu atakuja. Jibu likaja kwa mwandiko wako: Mama amesema wa kwenda na aende, afadhali wewe Enoka umebaki. Nililisoma nikiwa mlangoni kwa karani, watu wakinisukuma nipishe.

Tangu siku hiyo nimekula mapenzi ya marehemu. Kila sala mliyoniandikia ilikuwa yake. Ningeweza kuendelea hivyo mpaka nizeeke, lakini sasa mnataka kunizika mara ya pili, na ndugu yangu aliyelala huku hana hata mtoto mmoja wa kumwitikia jina.

Kwa hiyo nakusihi, kabla ya tarehe 17 nenda kwa wazee wa kanisa, mlibadilishe jina. Mtoto aitwe Enoka. Safari hii ni kwa haki, kwa sababu mwenye jina amekufa. Langu niachieni, bado nalitumia.

Nisalimie shemeji, majirani wote, na mzee Nyang'au kama bado anasoma. Mwili wa ndugu yetu nitawaonyesha ulipo, mkitaka kuja.

Utakapomwambia Mama, najua atalia, na najua atamlilia nani. Simlaumu. Lakini kaa karibu naye umsikilize mpaka amalize kulia. Akisema hata mara moja kwamba afadhali Ogari amebaki, niandikie upesi, nami nitapanda basi siku hiyo hiyo. Asiposema, usiandike.

Ndimi ndugu yako,
Ogari